Mlinzi wa Chumba cha Mikuki

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 8 Juni.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena, maana moja haitoshi kwa miezi yote hii ambayo hatujaonana. Hujambo huko Peramiho? Goti linaendeleaje na baridi ya mwezi wa sita? Natumaini zile soksi nilizokutumia unazivaa mwenyewe, hujampa mdogo wangu Severa, maana nakujua. Mahindi mmeshavuna yote au bado yale ya bondeni? Mwambie Severa shule asiiache hata kama anachekwa kwa viatu vyake. Nitatuma vingine.

Sisi huku ni wazima kabisa. Mume wangu Jovin anakusalimia sana, bado yupo na meza yake ya kutengeneza simu Mtaa wa Aggrey, na safari hii mvua za masika hazikumharibia kitu. Jangwani ndiko kulikojaa maji mpaka magari yakasimama siku mbili. Mjukuu wako Caroline ametimiza miezi tisa. Ana meno mawili ya chini na anayatumia vibaya, mimi ndiye ninayejua. Anasema "ba" tu, na Jovin anatamba mtaa mzima kwamba ameitwa baba, wakati mtoto anamwambia hivyo hivyo hata paka wa Dada Moza. Dada Moza ni yule jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Kilwa, mpika maandazi. Ndiye anayenilelea Caroline nikiwa kazini, na namshukuru Mungu kila siku kwa ajili yake.

Mama, nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ni ya kuulizana hali. Wewe ukishika simu unapaza sauti mpaka jirani wa tatu anajua mambo yetu, na mimi nikianza haya ninayotaka kusema nitalia kabla sijafika katikati. Naomba usome mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Usimpe Severa akusomee kwa sauti.

Unajua kwamba kampuni yetu ya ulinzi ilinipa cheti mwezi uliopita. Unajua pia walitaka kunipandisha niwe kiongozi wa lindo, niwe juu ya walinzi wanne, na kwamba walinipa wiki mbili nijibu kama nakubali kuendelea na bunduki kwa miaka mingine miwili. Ulinipigia ukaniambia nikubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Sasa nimeshajibu. Ila jibu langu huwezi kulielewa mpaka nikueleze ile Jumamosi ilivyokuwa, maana uliyoyasikia wewe ni nusu.

Nianze na mahali penyewe. Si ile makumbusho kubwa ya serikali. Yetu ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, nyuma ya Mnazi Mmoja, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka hapa Kariakoo. Anayeiongoza ni Mama Evelyn, Mchaga mmoja mpole mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Chini kuna vyungu, ngoma, pesa za Mjerumani na picha za Kariakoo ya zamani, barabara zote mchanga mtupu, huwezi kuamini ndiyo hii ya kukanyagana. Juu ni chumba cha silaha, kina mikuki na ngao na magobore. Lindo langu lilikuwa pale mlangoni, mwisho wa ngazi.

Wewe unajua niliishia darasa la saba na unajua kwa nini. Basi nimesomea pale. Kila kitu kina kikaratasi chake cha maelezo, na mimi nimevisoma vyote mpaka mgeni akiniuliza najibu bila kugeuka. Ukutani kuna mkuki mmoja mrefu, umelazwa kwenye ndoano mbili, hauna kioo. Kikaratasi kinasema ni wa vita vya Wangoni na Wahehe, lakini hakisemi ni wa nani. Wageni wa Songea wakija wanasema ni wetu, wa Iringa wanasema ni wao, na wote wanaondoka wakibishana mpaka barabarani. Mama Evelyn anasema kauacha hivyo makusudi, makumbusho isiyobishaniwa ni stoo.

Zamani tulikuwa tunalinda kwa virungu tu. Mwaka jana Mama Evelyn alikwenda mkutano wa watu wa makumbusho nje ya nchi, akakuta kinachozungumzwa ni watu wanaoingia kwenye makumbusho na bunduki na kuwapiga wageni risasi. Aliporudi alikuwa na hofu. Na wafadhili waliotaka kuleta vitu vyao vionyeshwe kwetu wakasema bila mlinzi mwenye silaha hawaleti hata kijiko. Ndipo kampuni ikatupeleka kulenga shabaha, nikawa wa pili kati ya watu ishirini na sita. Nilipokuambia ulicheka, ukasema ni zile manati nilizokuwa nawapigia ngedere shambani.

Lakini kuna kitu sikukuambia kuhusu mafunzo yale. Msimamizi wetu, Afande Adamu, alituketisha akatuonyesha video kwenye kompyuta. Mama, ni watu kama sisi. Wameenda kutembea na watoto wao, mwingine anasukuma kigari cha mtoto, wanaangalia picha ukutani, halafu anaingia mtu. Damu hakutuonyesha, ila alituachia sauti. Kisha akasema mlinzi wa pale alisita sekunde moja. Akayarudia maneno hayo mpaka tukawa tunayasema pamoja kama sala: ukisita, wamekufa. Nilikuwa nimejifungua miezi minne tu iliyopita. Maziwa yalinitoka nikiwa kwenye kiti, yakalowesha shati, nikajifunika na daftari.

Basi nikapewa bunduki. Ni ile fupi ya kukoki kwa mkono wa kushoto, risasi zake nene, nyekundu, kama betri za redio. Asubuhi naichukua kwa Afande, jioni namrudishia. Saa saba mchana Dada Moza ananiletea Caroline, nanyonyesha kwenye kijistoo cha mafagio kilicho ubavuni mwa chumba cha silaha. Ni nusu saa yangu, Mama Evelyn aliniruhusu mwenyewe, akanipa na mto wa kukalia.

Sasa Jumamosi ile ya katikati ya mwezi wa tano kulikuja wanafunzi wa shule ya msingi, kama arobaini na mwalimu wao mmoja. Na kulikuja wazee wa Iringa wanaoishi hapa mjini, watu wa chama chao cha kuzikana. Walikuwa wamemaliza arobaini ya mwenzao wiki hiyo, wakaona wasitawanyike hivi hivi na huzuni, watembee kidogo pamoja. Mimi sikuwaona wakiingia. Nilikuwa stoo, Caroline yuko titi la pili.

Ghafla nikasikia watoto wanapiga kelele. Juu ya kelele hizo sauti ya mwanaume inanguruma kwa lugha nisiyoielewa. Nilimrushia Dada Moza mtoto kama furushi, nikashika bunduki, nikatoka mbio bila hata kufunga vifungo vyote vya shati.

Nilichokiona ni hiki. Mzee mmoja mrefu, amevaa koti jeusi, ameutoa ule mkuki ukutani, ameushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, anaruka anatua, anaruka anatua, sakafu ya mbao inatikisika. Watoto wamejibana ukutani, wengine wanalia, mwalimu wao amepanua mikono kama kuku anayefunika vifaranga. Wazee wenzake walikuwa nyuma ya mlango wa pili wanacheka mpaka wanashikana mabega, lakini hao sikuwaona. Niliambiwa baadaye. Mimi nilimwona mtu na silaha na watoto.

Nikakoki. Sauti ile peke yake inanyamazisha watu. Nikamwambia aweke chini.

Akanigeukia. Unakumbuka kwenye ile picha niliyokutumia, kifuani nina kibao cha jina, P. NGONYANI, herufi nyeupe kubwa. Akakisoma. Mama, uso ulimng'aa kama mtu aliyempata ndugu yake stendi. Akapaza sauti kwa Kiswahili sasa, eti, "Ala! Mngoni! Kumbe ndiyo wamekuweka uuchunge! Mmeukalia miaka yote hii, leo narudi nao Iringa, na hicho kibomba chako cha maji hutaniweza!" Akaja mbio, ncha ya mkuki imenielekea mimi.

Wewe umeshaelewa hapo, nakuona unatikisa kichwa. Ni utani. Wahehe na sisi ni watani tangu vita vile vya mababu. Hata alipozikwa Baba, yule mama wa Kihehe aliingia kaburini akajilaza chali, akasema Mngoni hapiti hapa mpaka apewe kuku, na wewe katikati ya kilio ulicheka mpaka ukashika mbavu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwepo. Huko nyumbani ningeelewa kwa neno lake la kwanza, ningemtukana na mimi tukacheka. Lakini huko nyumbani sikuwa na bunduki.

Alifika hatua moja kutoka nilipo, akasimama. Akaiangalia bunduki, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Kisha akaushusha mkuki polepole, akapiga magoti, shida tupu maana ni mtu mzima, akaulaza juu ya viatu vyangu. Akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Haya, Mngoni kashinda. Leo nawaachia." Wazee wenzake wakapiga vigelegele, watoto wakaona kumbe ni mchezo, wakapiga makofi. Mwalimu akaketi sakafuni.

Mtu mmoja alikuwa amerekodi na simu. Kufika jioni video imezunguka Kariakoo yote. Wateja wa Jovin wanamwambia mkeo ni kamanda, wanataka watengenezewe simu bure kwa heshima yangu. Sokoni muuza nyanya ananiita Afande, ananiongezea fungu. Mama Evelyn alinikumbatia, akasema mwingine angefyatua, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Afande Adamu alinisimamisha mbele ya walinzi wote akasema mmeona, huyu hakusita wala hakukurupuka, huu ndio utulivu. Ndipo kikaja cheti, na ile habari ya kupandishwa. Na wewe ukanipigia kwamba jumuiya nzima wameimba, na Padre amenitaja misa ya pili.

Mimi nilikuwa nasema asante tu, kwa kila mtu.

Lakini chakula kilikuwa hakipiti. Maziwa yakapungua, Caroline anavuta anaachia, analia. Jovin akadhani nina mimba nyingine. Dada Moza aliniweka andazi mkononi asubuhi, jioni akalikuta mezani limeng'atwa mara moja, akaniuliza shujaa gani huyu anayeshindwa na andazi. Nikamwambia ni joto. Akanijibu kwamba joto la Dar lilikuwepo kabla yangu na watu wanakula.

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Jumatano, saa nne asubuhi, yule mzee akarudi. Peke yake. Amekata tiketi kama mtu yeyote, amepanda ngazi akipumzika kila vidato vitatu. Akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Nikamwamkia shikamoo. Akaomba kukaa kwenye benchi, akaniambia jina lake ni Pantaleo Kihwele, alikuwa anauza vitunguu jumla pale Kariakoo mpaka miguu ilipomkataa, sasa anakaa kwa mwanawe Ilala. Akauliza mtoto hajambo, maana siku ile alisikia mtoto mchanga analia pembeni. Nikasema hajambo. Halafu akaniambia kwamba yeye alikwenda vita ya Kagera akiwa kijana, na kwamba sasa hivi masikio yake yanapitwa na mengi, hata kengele ya kanisa, lakini ipo sauti moja ambayo haijawahi kumpita.

Mama, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Nilivuta.

Watu wote wanasema sikufyatua. Nilifyatua. Alipokuwa hatua tatu nilimlenga kifuani, kwenye kifungo cha pili cha koti lake, nikavuta. Sikusita hata kidogo, kama nilivyofundishwa. Bunduki ikalia ta, kama mtu anayevunja kibiriti, basi. Kwa kelele za watoto na kishindo cha miguu yake hakuna aliyesikia ila mimi na yeye.

Haikuwa na risasi. Zote tano zilikuwa kwenye mfuko wa nepi za Caroline. Siwezi Mama, nimejaribu, siwezi kumnyonyesha mtoto na bunduki iliyojaa imeegemea ukuta pembeni yake. Kila siku nilikuwa nazitoa kwanza, nikimaliza nazirudisha. Ni kinyume cha amri, mtu anafukuzwa kazi kwa hilo. Siku ile nilitoka mbio nikasahau kuzirudisha. Ndiyo hivyo tu. Si kwamba nilimhurumia, wala si kwamba nilimtambua ni mtani. Ningefuata amri, mtu ambaye hakuwa na kosa ila kufurahi kuona jina langu angekufa mbele ya watoto arobaini, na mimi ningekuwa nakuandikia kutoka gerezani, kama ningekuwa na uso wa kukuandikia.

Mlipokuwa mnaniimbia kule jumuiyani, mimi nilikuwa najua hivyo. Naomba unisamehe.

Nilimwambia Mzee Pantaleo vilevile, pale kwenye benchi, huku nalia na wageni wanapita. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nalala. Nikasema silali. Akasema na yeye halali. Akasema amejitukana siku zote hizo, mzee mzima na mvi zake anamkimbilia mtu aliyeshika bunduki. Eti, "Nilisoma jina lako, mwanangu, sikusoma mikono yako." Akasema kifo cha mwenzao ndicho kilichompandisha wazimu, huyo mwenzao ndiye aliyekuwa bingwa wa utani wao, akataka kumfurahisha hata akiwa ameshalala. Nikamuuliza kwa nini alipiga magoti na kusema nimeshinda, kwa nini hakupiga kelele kwamba nimetaka kumuua. Akasema aliniona uso, akajua kwamba mimi tayari nimeshasikia.

Halafu akakohoa, akajiweka sawa kwenye benchi, sauti ikawa nyingine kabisa. Akasema lakini Mngoni wewe usidhani nimekusamehe bure, kumlenga Mhehe kuna faini, na faini ni kuku. Nikasema, kwa machozi hivyo hivyo, kwamba nitampata pale Shimoni, sokoni, jioni hiyo hiyo. Akakataa. Akasema kuku wa Kariakoo ni wa kizungu, wanalala ukiwashika, hawafai kwa jambo hili. Anataka wa kienyeji, wa kukimbizwa uani. Nilicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja. Jioni ile nilikula ugali na dagaa mpaka Jovin akaniuliza nimeokota nini.

Kesho yake nikaenda kwa Afande Adamu na kwa Mama Evelyn, nikawaomba wakae pamoja, nikawaeleza yote, na risasi za kwenye mfuko wa nepi. Jovin alinikataza kabla sijatoka. Alisema nani aliyeniuliza, mzee mwenyewe kanyamaza, chukua cheo. Nilimwambia kwamba wakinipa hao walinzi wanne niwafundishe, nitawafundisha nini, nilichofanya au wanachodhani nilifanya. Alinibebea mtoto mpaka kona ya Msimbazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya asubuhi.

Afande Adamu alikasirika sana. Kwanza kwa risasi, na ana haki. Alisema angeingia mwenye bunduki ya kweli siku ile ningesimama pale kama sanamu, na wale watoto? Sikuwa na jibu Mama, na mpaka leo sina. Labda yuko sahihi. Nilichomjibu ni kwamba mimi nimejijua, mkono wangu una haraka kuliko macho, na mtu wa namna hiyo asipewe bunduki ndani ya chumba cha watoto. Alichukua bunduki, kibao cha jina na cheti palepale mezani. Sare nimefua nimerudisha. Kwa kampuni nimeachishwa.

Mama Evelyn siku hiyo alivua miwani tu, akaisafisha muda mrefu. Siku ya nne akanipigia. Wamekaa kikao na wafadhili, wamebishana sana, na wameamua bunduki ikae nje getini, kwa mlinzi mmoja mzoefu aliyekuwa polisi, ndani isiingie. Wafadhili wawili hawakuridhika wameondoa vitu vyao, kwa hiyo chumba kimoja kiko kitupu. Akasema kuna jambo jingine. Wageni wamekuwa wakimuuliza yuko wapi yule dada wa juu anayejua maelezo yote. Basi amenichukua yeye mwenyewe, kwa miezi mitatu ya majaribio, niwe nawatembeza wageni. Mshahara uko chini ya ule wa ulinzi, sitakuficha, viatu vya Severa vitachelewa kidogo. Lakini naanza kazi saa tatu badala ya saa kumi na mbili, na Caroline ananyonya tukiwa wawili tu pale stoo, kwenye mto wetu.

Jana nimetembeza kundi langu la kwanza, wanawake wa Feri wanaokaanga samaki, walikuja na kanga mpya. Mmoja aliniuliza ule mkuki ni wa nani. Nikasema ni wa kwetu, Wangoni. Mama Evelyn alikuwa mlangoni, akanikazia macho, nikaongeza kwamba wapo wanaosema vingine.

Hicho ndicho nilichojibu, Mama, na ndiyo sababu sina cheo. Kile cheti nilichokutumia picha yake, kama umeitundika naomba uishushe. Jumuiya uwaambie au usiwaambie, nakuachia wewe, ila mimi ningependa wajue.

Limebaki moja. Mzee Pantaleo alisema faini ya mtoto hailipwi na mtoto, inalipwa kwao, na anayeilipa ni yule aliyemzaa. Ana binti aliyeolewa Mbinga, anakwenda kumwona mjukuu, na basi linapita hapo Peramiho. Aliniambia nikuandikie ukweli wote kwa mkono wangu mwenyewe, yeye ataibeba barua. Kwa hiyo huyo mzee mrefu aliyekukabidhi bahasha hii, aliyekaa hapo uani kwako sasa hivi na koti lake jeusi, ndiye yeye. Ameniahidi hatafungua mdomo mpaka umalize kusoma. Mwangalie vizuri, Mama. Angalia kifungo cha pili. Mzima kabisa.

Mkaribishe ndani kabla hujaanza kulia. Kuku mchague wewe, ila akimbizwe na Severa, yeye mzee asithubutu, kifua hakimruhusu. Atakutukana sana, ametuahidi mimi na Jovin kwamba amejiandaa, na wewe usimwachie, mrudishie yote. Maji ya kuoga yawe ya moto, safari ni ndefu.

Nisalimie Severa, nisalimie mama mdogo na watoto wote, Padre na jumuiya yetu, na yeyote atakayekuuliza habari zangu mwambie nipo, ninakula, ninalala. Caroline anakushika mkono. Jovin anasema mwezi wa kumi na mbili, Mungu akitujalia nauli, tutakuja wote watatu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Paskalina Ngonyani
(Mama Caroline)